Mtaka Jangwa Sharti Ainame

Mtu akianza kuziwazia mbio zake za kwanza za masafa marefu jangwani, swali linalomjia mapema kuliko yote ni gari lipi lina nguvu zaidi. Atalinganisha ukubwa wa injini, atatazama video za magari yakiruka juu ya matuta ya mchanga, atapiga hesabu ya turbo. Swali hilo lina nafasi yake, lakini nafasi hiyo si ya kwanza. La kwanza ni hili: gari likifa kilomita 200 kutoka kijiji cha karibu, saa nane za usiku, nani atalifungua, kwa spana zipi, na atajua anatafuta nini? Makala haya yanashikilia jambo moja. Mgeni wa jangwa hujiandaa kuwa fundi kabla ya kujiandaa kuwa dereva, na gari linalomfaa ni lile ambalo mafundi wa mtaani kwake wamelizoea kiasi cha kulijua kwa kusikiliza mlio wake. Kama hoja hii ni ya kweli, mkazi wa Segerea yuko karibu na jangwa kuliko anavyodhani.

Segerea yenyewe haina jangwa. Ni kata ya Ilala, Dar es Salaam, jirani ya Tabata na Kinyerezi, na kinachojulikana huko ni msongamano wa daladala asubuhi na tope la masika kwenye njia za ndani. Lakini ina mchanga wa kutosha kuzamisha gari dogo hadi kwenye ekseli wakati wa kiangazi, na ina gereji. Nyingi ni zile tunazoziita gereji bubu, kiwanja chini ya mwembe, jeki mbili, boksi la spana na vijana wanaoshusha giaboksi kwa mikono. Magari yanayofika pale hayaji kwa matengenezo ya ratiba. Yanakuja yameshakufa, mwenye gari ana pesa ya nusu ya spea inayotakiwa, na kesho alfajiri anataka kuwa barabarani. Anayefanya kazi katika hali hiyo kwa miaka kumi anapata elimu ambayo timu kubwa za Ulaya huitafuta kwa gharama: kutambua ubovu bila kompyuta, kupanga kipi kitengenezwe sasa na kipi kisubiri, na kulitoa gari mahali lilipokwama likitembea lenyewe.

Ushahidi wa hoja hii tunao nyumbani. Mbio za East African Safari zilianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika katika maelfu ya kilomita za barabara za vumbi na utelezi. Kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na kwa mara nyingine yakafika 7. Miaka yote hiyo miwili washindi walikuwa walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lilikuwa Peugeot 404. Katikati, mwaka 1966 na 1967, mbio hizo zilichukuliwa mara mbili mfululizo na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na mwenzake Chris Rothwell. Nao waliendesha 404. Gari hilo lilikuwa na injini ya silinda nne yenye ukubwa wa takribani lita 1.6, na katika Afrika Mashariki ya wakati ule lilikuwa teksi, lilikuwa pikapu, lilikuwa gari la kubebea abiria na mizigo yao. Yalikuwapo magari yenye kasi kuliko hilo. Lakini machache ndiyo ambayo mafundi wa ukanda huu walikuwa wameyafungua mara nyingi kama hilo. Gari linalobeba abiria kila siku katika barabara mbovu huwaonyesha mafundi sehemu zake zote dhaifu mapema, na anayezijua huziimarisha kabla ya kwenda kushindana.

Mfano wa Joginder Singh unaisogeza hoja mbele zaidi. Alizaliwa Kericho mwaka 1932 na kukulia katika kazi ya gereji. Alishinda Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Gari la ushindi wa kwanza, Volvo PV544, lilikuwa la mkononi, lililobaki huku baada ya kiwanda kulitumia katika mbio za mwaka uliotangulia. Gari ambalo kiwanda kiliona limemaliza kazi yake, fundi wa Kenya alilitengeneza upya na kulifikisha la kwanza. Lakini takwimu inayopaswa kumvutia anayejiandaa kwa mara ya kwanza ni nyingine. Joginder alishiriki Safari mara 22 na kumaliza mara 19, katika mashindano ambayo mwaka mmoja yangeweza kumeza magari 86 kati ya 93. Bahati haimfuati mtu mara 19. Hiyo ni tabia ya kazi, ya mtu anayesikia boshi ikianza kugonga na kupunguza mwendo kabla haijavunja kitu kikubwa zaidi.

Msomaji anaweza kusema kuwa Safari ilikuwa tope na mawe, na jangwa ni kitu kingine. Basi tuende jangwani. Mbio za Paris hadi Dakar zilibuniwa na Mfaransa Thierry Sabine, ambaye mwaka 1977 alipotea na pikipiki yake katika jangwa la Libya akakaribia kufa kwa kiu. Mbio za kwanza ziliondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978 na vyombo 182, na kilomita 10,000 baadaye vilifika 74. Katika miaka hiyo ya mwanzo ndugu wawili Wafaransa, Claude na Bernard Marreau, walikuja na Renault 4, kigari chembamba ambacho wakulima wa kwao walipakilia viazi. Mwaka 1980 walimaliza wa tatu upande wa magari, wakiyaacha nyuma magari yenye injini kubwa mara mbili au tatu ya lao. Uzito mdogo ulilisaidia gari kutozama, na ufundi wao uliwasaidia kutosubiri msaada.

Mfano wa upande wa pili unajulikana dunia nzima. Mwaka 1982 Mark Thatcher, mtoto wa Waziri Mkuu wa Uingereza, alipotea katika mbio hizo hizo kwa siku sita katika Sahara ya Algeria pamoja na wenzake wawili. Walikuwa wamesimama kutengeneza gari, msafara ukawaacha, na ikabidi ndege za jeshi ziwatafute. Gari lao lilikuwa Peugeot 504, mdogo wake 404, gari lile lile lililowasafirisha wazee wetu kati ya miji kwa miongo mingi na lililoshinda Safari mwaka 1975 na 1978. Gari halikuwa na lawama. Thatcher mwenyewe alikuja kukiri miaka mingi baadaye kwamba hakuwa amejiandaa hata kidogo. Anayefikiri kuwa gari zuri linatosha na alikumbuke gari hilo zuri lililokaa siku sita mchangani.

Hapa linakuja pingamizi zito zaidi. Watu watasema hayo ni ya zamani. Tangu mwaka 2020 Dakar inafanyika Saudia, magari ya mbele yanatengenezwa na viwanda kwa fedha nyingi, na kila jioni kambini kunakuwa na malori ya spea na mafundi wa kulipwa. Hata Toyota Hilux iliyoshinda mwaka 2019, 2022 na 2023 haifanani na Hilux ya mtaani isipokuwa kwa jina na sura ya mbele. Ni kweli, na hakuna sababu ya kumdanganya kijana wa Segerea kwamba atakwenda kumpita bingwa wa Dakar, Nasser Al-Attiyah. Lakini tazama waandaaji wenyewe walichofanya mwaka 2024. Waliweka hatua ya saa 48 ndani ya Rub al-Khali, lile jangwa linaloenea hadi Oman, nchi yenye jamaa zetu wengi wanaozungumza Kiswahili. Ilipofika saa kumi jioni kila mshindani alitakiwa kusimama katika kambi iliyo mbele yake, akapewa hema na chakula kidogo, bila timu yake ya mafundi, na asubuhi akaendelea na gari kama lilivyokuwa. Aliyevunjikiwa alijitengenezea mwenyewe au aliomba mkono wa mshindani mwenzake. Mashindano yenye teknolojia kubwa namna hii yamerudi kumuuliza dereva swali lile lile la saa nane usiku. Tena kuna daraja la waendesha pikipiki wasio na msaidizi kabisa, wenye sanduku moja tu la vifaa linalobebwa na waandaaji, na washindani wenyewe wanaliheshimu kuliko mengine.

Kwa hiyo gari la kuanzia ni lipi? Kwa Dar es Salaam jibu langu ni Land Cruiser ya chasisi ngumu, ile tunayoiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda ubavuni hadi juu ya paa. Injini yake ya 1HZ ni ya dizeli, silinda sita, lita 4.2, na pampu yake ya dizeli inafanya kazi kimakanika, haitegemei kompyuta. Hainyanyuki haraka, na anayetaka sifa za kasi hataipenda. Lakini gari hili ndilo ambulansi ya vijijini, ndilo la polisi, ndilo la watalii mbugani, na spea zake zinapatikana Kariakoo kabla ya saa sita mchana. Anayeandaa gari kama hili hahitaji kumsubiri mtaalamu kutoka ng'ambo. Anahitaji kulishusha lote chini mara moja na kulirudisha, yeye na msoma ramani wake wakishika spana kwa mikono yao, huku fundi amesimama pembeni akielekeza. Kazi ya wiki tatu au nne za jioni katika kiwanja cha Segerea ina thamani kuliko turbo yoyote. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvungu wa gari hauna njia nyingine.

Lazima nijibu pia wasiwasi wa haki kuhusu gereji bubu zenyewe. Kuna mambo ambayo ubunifu wa mtaani ni hatari ya wazi, na hapo sitetei. Keji ya mabomba inayomlinda dereva gari linapobiringika haiwezi kuchomelewa kwa mabomba ya maji ya dukani. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, zinataka chuma kisicho na mshono, kwa vipimo maalumu, kwa sababu bomba lenye mshono hupasuka mahali pale pale unapohitaji lishike. Mikanda, kiti, helmeti na kizimamoto vinunuliwe vikiwa na cheti na tarehe yake ya mwisho isomwe. Fundi anayeweza kufufua pampu ya dizeli kwa gasketi aliyoikata mwenyewe anastahili heshima yote, na fundi huyo huyo hapaswi kuruhusiwa kukisia juu ya kitu kinachoshikilia fuvu la mtu. Mstari huo uchorwe siku ya kwanza. Jambo la pili linalokosekana katika gereji zetu ni daftari. Ujuzi uko kichwani mwa fundi, na fundi habebwi jangwani. Kila boliti iliyokazwa upya, kila feni belti iliyobadilishwa na kilomita zake, kila mlio uliosikika na chanzo chake viandikwe. Huko mbele, mtu aliyechoka ambaye hajalala vizuri kwa siku tano hatakumbuka chochote, lakini atasoma.

Tofauti ya mchanga na tope nayo ni ya kweli, na hapa mazoea ya Dar yanaweza kumponza mtu. Kwenye tope dereva wetu amejifunza kukanyaga mafuta na kupambana. Kwenye mchanga kufanya hivyo ni kuchimba kaburi la gari. Tairi linalosafiri lamini likiwa na paundi 35 hushushwa hadi 15 hivi ili lilale na kukanyaga eneo pana, na kwa sababu hiyo pampu ndogo ya upepo ina umuhimu sawa na jeki. Mchanga wa alfajiri ni mgumu zaidi kuliko wa saa nane mchana, na tuta moja linaweza kupitika asubuhi na kukataa jioni. Ukisimama, simama gari likiangalia mteremko. Kichujio cha hewa, ambacho mtaani husubiri hadi gari litoe moshi mweusi, jangwani hufunguliwa na kupigwa upepo kila siku, maana vumbi laini likipita huila injini kutoka ndani. Unywaji wa mafuta unaweza kukaribia maradufu ya ule wa lami. Zaidi ya hayo kuna uzito: lita 40 za maji ni kilo 40, tairi mbili za akiba na rimu zake zinakaribia kilo 80, na bado hujaweka dizeli, spana, mbao za kukwamulia na watu wawili. Kila spea unayobeba kwa hofu inalizamisha gari kidogo zaidi. Aliyeshusha gari lake chini mwenyewe anajua lipi huvunjika na lipi halivunjiki, na hubeba machache. Asiyejua hubeba duka zima.

Mwili wa mtu wa pwani unahitaji maelezo yake. Tumezoea joto, ndiyo, lakini joto letu ni la unyevu. Jasho linabaki juu ya ngozi, linaonekana, linaudhi, na kwa kuonekana kwake linatukumbusha maji. Katika hewa kavu jasho hukauka mara linapotoka, na mtu anaweza kupoteza lita nzima kwa saa akiwa na shati kavu na moyo mkunjufu. Kiu ikifika, deni limeshakuwa kubwa. Maji matupu mengi bila chumvi nayo yana hatari yake, kwa hiyo ratiba ya kunywa na ya chumvi iwekwe kwa saa na isiachiwe hamu ya mtu. Mwili huchukua kati ya siku 10 na 14 kuzoea joto jipya. Anayeshuka kwenye ndege jana yake na kuingia ndani ya gari lililofungwa, amevaa suti nzito na helmeti, ameanza mbio akiwa na gari zima na injini ya mwili iliyokwisha chemka.

Msoma ramani ndiye mtu anayedharauliwa zaidi katika maandalizi ya watu wetu, na sijui kwa nini, kwa sababu jangwani ndiye nusu ya gari. Katika Safari ya zamani njia ilikuwapo, hata kama ilikuwa imefunikwa na mto. Jangwani hakuna njia. Kuna kitabu cha njia kinachotoa nyuzi za dira, kuna kipimo cha kilomita, na kuna vituo vilivyofichwa ambavyo kifaa hukupa pale tu unapokuwa umevikaribia. Simu na ramani zake haziruhusiwi. Kosa la nyuzi tano mwanzoni mwa kilomita 20 linakutupa karibu kilomita mbili pembeni, na katika matuta umbali huo unaweza kuficha msafara mzima. Ujuzi huu hauna gharama kubwa kuupata. Watu wawili, dira, kipimo cha umbali kilichosahihishwa, na njia za vumbi za Chanika hadi ndani ya Kisarawe mwisho wa wiki vinatosha kumfundisha mtu kuamini namba kuliko macho yake.

Hatimaye gharama, pingamizi ambalo msomaji amekuwa nalo tangu aya ya kwanza. Ada ya kuingia Dakar, kusafirisha gari kwa meli na vifaa vya usalama ni fedha ambazo familia nyingi za Segerea hazitaziona. Sina jibu la kulifuta jambo hilo. Ninachosema ni kwamba hatua za mwanzo haziko Saudia. Mashindano ya ndani, kama Mkwawa Rally, yanahitaji mafundi na wasoma ramani. Kenya kuna Rhino Charge, iliyoanza mwaka 1989. Timu hupewa saa 10 kufikia vituo 13 porini, na mshindi si mwenye kasi, ni aliyepita njia fupi kuliko wote, na fedha zinazochangwa zimesaidia kuzungushia uzio wa umeme msitu wa Aberdare. Tangu mwaka 2003 kuna East African Safari Classic, ambapo magari ya kizamani yanayofanana na yale ya akina Shankland hukimbia tena kwa siku kadhaa, na kila gari la wageni linahitaji mikono inayoyajua magari hayo. Fundi wa Segerea anaweza kuingia katika dunia hii kama fundi wa timu, akalipwa, akajifunza kitabu cha njia, na kuketi kwenye kiti cha dereva baadaye. Joginder naye alianzia kwenye spana.

VETA Chang'ombe inafundisha ufundi magari umbali mfupi kutoka mitaa hii, na Chama cha Magari Tanzania kinasimamia mashindano. Taasisi hizi mbili zikae pamoja ziandae kozi fupi ya jioni kwa mafundi wa mtaani: kusoma kitabu cha njia, kanuni za usalama za FIA, na daftari la gari. Na wewe mwenye mkonga uani, usisubiri kozi hiyo. Mwite fundi wako Jumamosi hii, mshushe giaboksi, na wewe mwenyewe uwe ndiye unayeirudisha.